Magari ya Miraa, Peugeot za Embu, na Jarida Ambalo Hatukuwa Nalo

Wasomaji wa hapa mmezoea kunisikia nikilalamika juu ya programu zisizo na maelezo. Mtu ameandika kitu kizuri, kinafanya kazi miaka kumi, kisha anastaafu na hakuna anayejua kwa nini mstari wa 212 uko pale. Leo nalalamikia jambo lilelile, ila kwa upande wa magari. Vumilieni kidogo, kompyuta zitarudi mwishoni.

Nina tabia ya kununua majarida makuukuu ya magari kutoka kwa wale wauzaji wa vitabu wanaotandaza bidhaa kando ya barabara mjini Nairobi. Mengi ni ya Kimarekani, na jina linalojirudia ni Hot Rod. Ukiyatazama kwa mbali utadhani ni picha tupu za magari yanayong'aa. Ukiyafungua yale ya miaka ya 1950 unakuta kitu kingine: michoro ya kabureta, vipimo, jinsi ya kukata fremu bila kuidhoofisha, jinsi ya kuweka injini ya gari hili ndani ya lile. Ni vitabu vya mafundi. Kila nikivisoma najiuliza swali moja. Mafundi wa Meru na Embu walifanya kazi ya aina hiyohiyo, mara nyingi kwa vifaa duni zaidi. Yao iko wapi?

Jarida la vijana wa gereji

Kwanza historia yao. Hot Rod lilitoka mara ya kwanza Januari 1948 mjini Los Angeles. Aliyelianzisha ni Robert E. Petersen, kijana wa miaka 21, pamoja na mwenzake Robert Lindsay. Nakala iliuzwa senti 25 za Kimarekani.

Hot rod yenyewe ni gari kuukuu na la bei nafuu lililofanyiwa ufundi. Mara nyingi ilikuwa Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, au Ford ya 1932 yenye injini ya V8. Kijana aling'oa kila kitu kisichosaidia mwendo, pamoja na vile vifuniko vya magurudumu, kisha akaichokonoa injini hadi itoe nguvu ambayo kiwanda hakikuipanga. Walishindana kwenye maziwa makavu ya California kama Muroc na El Mirage, na tayari mwaka 1937 walikuwa na chama chao cha kupima muda na kuweka kanuni.

Baada ya vita mashindano yakaingia barabarani. Watu wakafa, polisi wakakasirika, na magazeti ya kila siku yakawaita vijana hao wahuni. Hapa ndipo jarida lilipofanya kazi ambayo wengi hawaijui. Wally Parks, aliyekuwa mhariri wake, alianzisha mwaka 1951 chama cha NHRA ili mashindano yatoke barabarani na kwenda kwenye viwanja maalum vyenye ukaguzi wa magari. Mwaka 1954 chama kikatuma kikosi kidogo kuzunguka Marekani na gari moja na trela, kikifundisha miji namna ya kuendesha mashindano bila kuuana. Mnajua kikosi hicho kiliitwaje? Drag Safari. Baadaye kikaitwa Safety Safari, na chama hicho bado kina kikosi cha usalama chenye jina hilo. Neno letu la safari lilikwenda kufanya kazi ya usalama barabarani Marekani, lakini kazi yenyewe haikurudi nyumbani.

Huku kwetu ilikuja Safari nyingine

Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya trela ile, mashindano ya East African Coronation Safari yalianzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya mwanzo magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, na yalikuwa magari ya kawaida kabisa, ya kununua na kuendesha.

Lakini tukumbuke huo ulikuwa mwaka gani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi Januari 1960. Waliobanwa zaidi ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kutembea kulitaka kibali, usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na kuanzia 1954 watu walihamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa. Kwa hiyo wakati baadhi ya watu walipokuwa wakishindana kuzunguka Afrika Mashariki kwa ajili ya sherehe, mtu wa Embu hakuwa na ruhusa ya kwenda wilaya ya jirani. Historia ya magari kwetu inaanza na swali la nani anaruhusiwa kusafiri, na nadhani ndiyo maana gari likaja kuwa na uzito mkubwa baada ya uhuru.

Miaka ya 1960 na 1970 Safari ikawa sikukuu ya wote. Ilifanyika Pasaka, yaani katikati ya mvua za masika, na mara nyingi njia ilizunguka Mlima Kenya ikipitia Embu na Meru. Anayeijua sehemu hiyo anaelewa mara moja. Mito inashuka kutoka mlimani kuelekea mashariki, na barabara inaikata mmoja baada ya mwingine: Rupingazi pale Embu, Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila mto una bonde lake. Unashuka, unavuka, unapanda, kona juu ya kona. Kabla ya lami ulikuwa udongo mwekundu, na udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni.

Takwimu mbili zinatosha kuonyesha ugumu wa Safari ya siku hizo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Gari aina hiyohiyo lilishinda pia 1966 na 1967, likiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania.

Aliyekaribia zaidi roho ya hot rod ni Joginder Singh, mtoto wa mwenye gereji huko Kericho. Alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo si mpya, ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Singasinga wa gerejini na gari la mtumba, na anawashinda watu wa viwanda! Hilo vijana wa California wangelielewa bila kutafsiriwa.

Magazeti yaliandika sana habari hizi, na redio ikatangaza nafasi za magari siku nzima. Watoto wakaunganisha magari ya waya na kuyaandika namba. Lakini angalieni macho ya waandishi yalielekea wapi. Yalimtazama dereva aliyepita. Yule aliyesimama kando ya barabara pale Chuka au Nkubu alikuwa mtazamaji tu, kichwa kimoja kwenye picha. Gharama ilikuwa kubwa, na kwa miaka mingi waliopanda magari yale walikuwa hasa Wazungu, Waasia na wageni. Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994 na Subaru yake, Safari ilikuwa na umri wa miaka 41.

Peugeot inageuka matatu

Sasa tumwangalie yule mtazamaji akirudi nyumbani. Ameona ni gari gani limetoka kwenye matope likiwa zima. Ndiyo Peugeot ikawa Peugeot.

Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zile zilizotakiwa kwa mabasi. Matatu nyingi za wakati huo zilikuwa pikapu zilizofanyiwa kazi na mafundi, na 404 ilikuwa mojawapo ya zilizopendwa. Kiwanda kiliuza pikapu ya mizigo, fundi akaigeuza chombo cha abiria: paa la mabati au turubai juu ya fremu ya chuma, mabenchi mawili yanayotazamana, ngazi nyuma, keria juu. Hakuna mchoro uliotoka Ufaransa kwa kazi hiyo. Ilikuwa akili ya mtu mwenye mashine ya kuchomelea na futi ya fundi.

Baadaye ikaja 504 stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, iliyokuwa mfalme wa njia ndefu, pamoja na Nairobi, Embu na Meru. 504 ziliunganishwa hapahapa nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo spea zilikuwepo na fundi wa kila mji alizijua kwa kupapasa gizani. Vijana wa leo mnaopanda matatu za Toyota na kuziita Nissan, wazee wenu waliita gari lolote la haraka "Peugeot". Ni ugonjwa uleule.

Mbio za kila siku: Maua hadi Nairobi

Kama kuna mahali Kenya paliwahi kuwa na hot rod halisi, si kwenye Safari. Ni katika biashara ya miraa.

Miraa hulimwa milima ya Nyambene, Igembe na Tigania. Kemikali inayotafutwa ndani yake, kathinoni, huharibika haraka baada ya jani kukatwa. Ndiyo sababu miraa hufungwa katika majani ya ndizi ibaki na unyevu, na ndiyo sababu inapaswa kumfikia mlaji ndani ya siku mbili hivi. Kutoka Maua hadi Nairobi ni kama kilomita 300. Ikichelewa ndege ya uwanja wa Wilson, thamani yake inayeyuka mikononi mwa mwenye mali. Hapo ndipo mwendo unapogeuka kuwa pesa.

Marekani wana historia ya namna hiyo. Wasafirishaji wa pombe haramu katika milima ya Appalachia walitia nguvu magari ya kawaida ili kuwakimbia maofisa wa kodi, na baadhi yao wakaja kuwa madereva wa NASCAR, chama kilichoundwa 1948, mwaka uleule wa Hot Rod. Junior Johnson, mmoja wa mabingwa wao, alifungwa jela kwa mambo ya pombe hiyo. Miraa nayo wakoloni walijaribu kuizuia, hasa isipelekwe Isiolo na kaskazini, na magendo yakaendelea. Lakini baada ya uhuru miraa ikawa halali Kenya. Dereva wa Maua hakimbii kodi, anakimbia saa.

Kwa miaka mingi gari la kazi hii lilikuwa Toyota Hilux. Ukiiona tupu unaitambua: nyuma imeinuka kama panzi. Ni kwa sababu fundi ameongeza vipande vya springi ili ikipakiwa magunia hadi juu ya kabini ikae sawa. Turubai limekazwa kwa kamba. Tairi ni za mizigo mizito. Siku hizi utaona zaidi Probox, gari dogo ambalo Toyota walilitoa 2002 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Japani. Viti vya nyuma vinatolewa, springi za nyuma zinabadilishwa kwa ngumu zaidi au kuwekewa pete za kuziinua, na ile injini ya 1NZ ya lita moja na nusu inafanyizwa kazi ambayo sidhani kama mhandisi wake aliiota.

Masoko yamepanda na kushuka. Uholanzi ilipiga marufuku miraa 2013, Uingereza 2014. Somalia ilifunga mlango Machi 2020 na kuufungua Julai 2022. Kila mara mlango ulipofungwa, magari yaliegeshwa na mafundi wakakosa kazi. Hata hiyo ni sehemu ya historia ya ufundi ambayo sijaiona imeandikwa kwa upande wa fundi.

Hasara ya kutoandika

Mtu atasema: lakini imeandikwa. Kweli. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake maarufu juu ya ajira Kenya mwaka 1972, na kuanzia hapo ulimwengu ukaijua sekta isiyo rasmi. Kenneth King aliandika kitabu juu ya jua kali kilichotoka 1996. Neil Carrier aliandika kitabu kizima juu ya miraa ya Kenya, 2007. Ni kazi nzuri, nimejifunza mengi kwazo. Ila zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomi na watunga sera. Fundi wa Embu hakuandikiwa, na hakuna mahali ambapo fundi wa Maua alimsimulia fundi wa Embu: nilifanya hivi, ikavunjika hapa, nikabadilisha hivi.

Jarida la Hot Rod lilikuwa hasa hicho. Mtu wa Texas alisoma kosa la mtu wa Ohio kabla hajalifanya mwenyewe.

Niwape mfano mmoja wa kiufundi mwone kwa nini jambo hili si la kumbukumbu tu. Springi hubeba uzito, haisimamishi gari. Ukiongeza springi umeliruhusu gari libebe kuliko lilivyopangiwa, lakini breki ni zilezile za kiwandani. Kwenye tambarare huoni tofauti. Ukishuka bonde refu, breki hubadilisha mwendo wote ule kuwa joto. Zikipata moto kupita kiasi nguvu yake hupungua, na maji ya breki yakichemka pedali inazama chini mguuni bila kufanya lolote. Mzigo ukiwa juu, gari nalo hupenda kupinduka konani. Kwa hiyo kanuni ni kwamba anayeongeza uzito aanze na breki, na anayeshuka ashuke kwa gia ya chini. Ni mambo ya kuandikwa ukurasa mmoja wenye mchoro. Mafundi wazuri wanayajua. Lakini kila mmoja aliyajifunza kivyake, na shule yenyewe ilikuwa bonde la Nithi.

Mnalijua daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa, na hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa mahali hapo kuzika watu. Sisemi jarida lingeizuia ajali ile. Nasema kwamba kanuni zetu za barabarani zimekuja kutoka juu. Zilikuja za waziri Michuki mwaka 2004, na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, kisha sheria ya kuunda NTSA mwaka 2012. Zile za Michuki nilizifurahia kama abiria. Ila fundi alizipokea kama amri ya askari, na amri ya askari hutafutiwa njia ya kuikwepa. Kule California kanuni nyingi zilitoka kwa haohao waliopenda mwendo, zikachapishwa katika jarida walilolisubiri kila mwezi. Kuvunja kanuni uliyoitunga mwenyewe kuna aibu yake.

Sasa turudi kwenye kompyuta

Wanaoandika programu huria wanajua kuwa mabadiliko bila historia ni deni. Unaona msimbo umebadilishwa, hujui nani, lini, wala kwa sababu gani. Unaogopa kuugusa, au unaugusa na kurudia kosa la mwaka juzi. Magari yetu yako hivyo. Kila Hilux ya Maua ni toleo lililorekebishwa, na marekebisho hayakurudi popote, si kiwandani wala kwa fundi wa mji wa pili.

Mwisho wa 2019 kampuni iliyomiliki majarida mengi ya magari Marekani ilitangaza kusimamisha uchapishaji wa majarida 19 kwa mpigo. Hot Rod lilibaki miongoni mwa machache. Watu walilia, lakini waliofungiwa wana nakala za miaka sitini za kufungua na kusoma. Mafundi wetu waliogeuza 404 kuwa matatu mwaka 1973, hata kama walikuwa na miaka 20 tu wakati huo, leo wamepita 70. Wao hawana nakala. Nakala ni wao wenyewe.

Kwa hiyo nimeanza kazi ndogo, na nawaombeni mnisaidie. Haihitaji programu yoyote ya ajabu, faili la maandishi tupu linatosha. Kwa kila gari naandika mambo matano: gari na mwaka, kilichobadilishwa, sababu, kilichovunjika, na kilichofanywa baada ya kuvunjika. Jambo la nne lina faida kuliko yote na ndilo gumu kulipata, maana fundi hapendi kusimulia kilichovunjika hadi mmekunywa chai ya pili. Majina ya watu siyaweki kama wenyewe hawataki.

Kama una babu, baba au mjomba aliyekuwa na gereji Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru au Maua, kaa naye jioni moja. Mwamkue vizuri, usianze na maswali, mwulize kwanza gari alilolipenda. Andika kwa lugha atakayosimulia, Kimeru, Kiembu au Kiswahili, usiitafsiri palepale. Picha ikiwepo, iandike nyuma mwaka na mahali. Na akikuonyesha jinsi alivyokata fremu, chora na weka vipimo.